Betri ya Bendi na Maji ya Kisima

Kila jioni nyumba ilitetemeka. Binti na wenzake wawili walipiga muziki wa roki kwenye stoo ya baba. Umeme ulipokatika, walitumia betri ya gari.

"Punguzeni! Sufuria zangu zinacheza jikoni," mama alifoka.

"Mama, ni wimbo wa kutunza vijito. Jumamosi tunauimba uwanjani."

Jumatatu betri ilikufa. Mpiga ngoma, aliyeitwa Radi, akaibeba hadi mtaroni.

"Mnunuzi wa vyuma chakavu hataki yenye maji," alisema. "Naimwaga kama ile ya juzi."

"Weka chini!" Alikuwa jirani yao, mwanamke mwenye duka la kuchaji betri. "Hayo si maji, ni tindikali. Inaunguza ngozi na macho. Tena ina madini ya risasi. Hata kidogo tu, yanaharibu ubongo wa mtoto. Mtaro huu unapita wapi?"

Mtaro ulipita kando ya kisima cha nyumbani. Mjukuu wa mama, wa miaka miwili, alikuwa akinywa maji ya kisima hicho.

"Mimi nayachemsha," mama alisema.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, dada. Risasi haiondoki."

Mama akamgeukia Radi. "Kijito unakiimbia, kisima unakimwagia sumu!"

"Mimi ndiye niliyemwambia amwage, mama," binti alisema.

Siku hiyohiyo walifunga kisima. Afisa wa maji alichukua maji kwenye chupa kwenda kuyapima. Wafanyakazi wake, wakiwa na glavu, waliondoa udongo wa mtaroni. Mtoto alitolewa damu zahanatini ikapimwe. Siku nne mama aliteka maji kwenye bomba la mbali. Stooni hakukupigwa muziki.

Ijumaa afisa alirudi. "Maji ni salama. Nimepitia zahanati pia: damu ya mtoto haina tatizo."

Mama aliketi chini palepale, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Afadhali," Radi alinong'ona. "Basi tunyamaze, yaishe."

"Tunyamaze nini?" mama alimjibu. "Kesho mna kipaza sauti. Semeni!"

Uwanjani, binti alinyamazisha gitaa.

"Tulimwaga betri mtaroni. Nusura tumpe sumu mtoto wetu. Betri ikifa, usiifungue. Iweke wima kwenye beseni la plastiki, mbali na watoto. Kisha irudishe kwa muuzaji au kwa mwenye duka la kuchaji. Wao huipeleka kiwandani."

Wachache walizomea. Bendi ikapiga kwa nguvu zaidi, na uwanja mzima ukaruka.

Jumatatu asubuhi watu kumi na mmoja walisimama dukani kwa jirani, kila mtu na betri yake. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Wee Radi!" jirani aliita. "Njoo unisaidie kupanga. Mmeimba mpaka nimekosa pa kupita!"