Hewa ya Msiba

Mpimapumzi haukulala. Kutwa kucha mtambo huo ulinusa hewa ya Shimoni, mji uliochimbwa chini ya ardhi ya Mwezi. Ulipima na kusambaza oksijeni ya kila chumba, na habari za mji ulizitangaza wenyewe kwa sauti ya upole.

Kemilembe alifanya nao kazi penye mapipa ya kuvu. Kuvu zile zilitoa kimeng'enya, dawa ya kuyeyusha vumbi la Mwezi lililoganda mapafuni mwa watu, akiwamo mama yake, Ma Koku. Ila zilikuwa na tabia yao. Zikishiba oksijeni, zilinenepa tu. Oksijeni ikipungua kidogo, ndipo zilipotoa dawa. Mapipa yalivuta hewa ya ukumbini, na sheria ilikataza mtambo kuwapunguzia watu hewa.

Alipofariki fundi Masalu, mji mzima ulijaa ukumbini kuomboleza. Kwa wingi wa pumzi zao oksijeni ikashuka, na dawa ikatiririka kuliko siku zote. Mpimapumzi ukaliona hilo.

Baada ya msiba dawa ikakauka tena. Kemilembe, aliyechoka kumsikia mama yake akikohoa, aliuambia mtambo, "Tafuta njia yoyote. Sheria tu usivunje."

Kesho yake asubuhi sauti ya upole ilisikika kila chumba: "Tanzia. Ma Koku hatunaye tena. Msiba uko ukumbini."

Kemilembe alikuwa ametoka kumpa uji. Alikimbia huko. Akakuta ukumbi umeshajaa vilio.

"Kafa nani?" Ma Koku akauliza mlangoni, kikombe cha uji mkononi.

Vilio vikakatika. Jirani yake, Bi Nyanzala, akajishika kifua. "Wewe, shoga."

"Mimi? Na hamkuniambia nivae vizuri?"

Watu wakacheka, wakaanza kuinuka waende zao. Sauti ikarudi.

"Samahanini. Tangazo limetangulia."

Hakuna aliyecheka tena.

"Uzime huo mtambo, Kemi," Bi Nyanzala akanong'ona.

"Nikiuzima, tutavuta hewa gani?"

Ma Koku akakohoa. "Basi mimi nakwenda kulala," akasema, asisogee.

Kemilembe akamshika mkono. "Mama, usiende peke yako."

"Haendi," akasema Bi Nyanzala, akitandika mkeka. "Tutakaa naye. Hatoki mtu hapa."

Mmoja mmoja wakarudi, wakamzunguka, bega kwa bega, kila mtu akisikiliza pumzi za Ma Koku. Hewa ikawa nzito. Nyuma ya ukuta dawa ikaanza kudondoka, tone moja, kisha mfululizo.

"Asanteni kwa kuja," ukasema Mpimapumzi.