Usiniite Nyar Kegonga

Stima ilipotea wakati ule ule Helen Mirumbe alipokuwa akituma kazi yake ya chuo. Cyber nzima karibu na soko la Migori ikalia "Aaah!" kwa pamoja.

"Pole, madam. Hata mimi imenila," akasema kijana wa kiti cha pili. Shati lake la buluu lilikuwa limepigwa pasi mpaka kola ikasimama. "Ilikuwa kazi ya nini?"

"Maendeleo ya jamii. Ya online."

"Ya Madam Nyakerario? Ai! Kumbe tuko darasa moja! Mimi Bravin wa Homa Bay. Natengeneza simu huko, nimekuja tu kuchukua spea."

Helen aliuza dawa za mifugo mjini hapo, na siku hiyo alikuwa na gauni la njano na kilemba cha rangi hiyo hiyo. Bravin alimtazama bila kujificha.

"Na kwenu wapi?"

"Kegonga."

"Basi nitakuita nyar Kegonga, binti wa Kegonga. Sisi Wajaluo mwanamke tunamwita kwa jina la kwao. Ni heshima hiyo, usinikasirikie."

"Na nikikataa?"

"Nitakuita tu mpaka uitike."

Akaitika. Tangu hapo simu ililia kila jioni, "Nyar Kegonga, umekula?" na Helen akacheka peke yake kaunta huku mteja akingoja dawa ya kupe.

Ni katika simu hizo Helen alipomtolea siri yake. Baba yao alikuwa amefariki, na boma lilikuwa mkononi mwa baba mdogo, Mzee Jeremiah. Desemba ilikuwa ikija, na mzee alikuwa ameapa kwamba Liz, mdogo wake Helen, atakeketwa pamoja na wasichana wa rika lake. Liz alikuwa darasa la sita. Bravin hakuuliza mara mbili. Alimtafutia Helen mama mmoja wa kanisa lake la Sabato, Mama Scovia, na Liz akafichwa kwake Homa Bay.

Kisha Madam Nyakerario akaweka swali kwenye jukwaa la darasa: mnajua familia iliyomkinga mtoto na mila? Anayeogopa aweke alama kwenye "Ficha jina", hakuna mwenzake atakayemjua. Helen aliweka alama hiyo, akaihakikisha tena na tena, kwa sababu darasani humo alikuwamo Benard, mtoto wa Mzee Jeremiah. Halafu akaandika yaliyomjaa kifuani. Hakutaja Kegonga. Alisema tu mdogo wangu, mji wa ziwa, mama wa Sabato. Juu yake pakatokea: Mwanafunzi Asiye na Jina.

Bravin aliyasoma akiwa kibandani kwake, na moyo ukamjaa fahari. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Bravin akakohoa mbele ya darasa zima. Kwa jina lake mwenyewe na picha yake akajibu: "Umefanya la maana, nyar Kegonga. Tuko nyuma yako." Akarudi kwenye simu aliyokuwa akiifungua. Hakuona alilofanya, maana mdomo wake ulikuwa umezoea jina hilo.

Ijumaa jioni simu ya Helen ikalia.

"Dada," akasema Benard kwa upole. "Kumbe Liz anakula samaki siku hizi?"

"Samaki gani?"

"Wa Homa Bay, kwao huyo Bravin wako. Darasani wa Kegonga ni mimi na wewe tu, na mimi sijaandika kitu. Mzee amefurahi sana. Amesema kesho ni Sabato, ataenda kusali kanisani kwa huyo Bravin."

 Helen akafungua jukwaa, akaona jibu la Bravin, akampigia.

"Bravin, umeandika nini?"

"Wapi? Ngoja... Yawa! Nimefuta! Nimefuta sasa hivi!"

"Umefuta nini na imeshaenda kwa email ya kila mtu? Mimi nimeficha jina, wewe umelitoa sokoni!"

"Nyar Ke..."

"Usiniite hivyo! Usiniite tena!"

Akakata, akamblock. Akampigia Mama Scovia. Hakupatikana. Usiku kucha hakupatikana.

Jumamosi Helen alifika Homa Bay nyimbo za kanisani zikiwa zimeanza. Akajificha nyuma ya kibanda cha matunda mkabala na geti la kanisa. Mzee Jeremiah alikuwa amesimama pale katika koti lake zito, na wanaume wawili pembeni, akimkagua kila msichana anayepita kama anayechagua ndama mnadani Ogwedhi. Helen akainama zaidi.

Watu walitoka. Liz hakuwamo. Mama Scovia hakuwamo. Je, wameshamchukua? Kama wamemchukua, mbona bado wanangoja?

Mkono ukamgusa bega. Nusura apige kelele.

"Helen. Usigeuke. Tembea tu."

Alikuwa Bravin, na shati lake la buluu, limekunjamana, hata vifungo vimekosewa. Walitembea mpaka nyuma ya soko la samaki.

"Liz yuko wapi?"

"Yuko salama na Mama Scovia. Mahali utapaona kwa macho yako, sipataji hapa. Niliwatoa jana mara tu ulipokata simu, nikawaambia wazime zao. Wewe ulikuwa umeniblock."

Helen akampiga kifuani kwa ngumi, mara nyingi, kisha akaegemea pale pale alipopiga, akalia.

"Nisamehe," akasema Bravin. "Nilikuwa najivunia wewe, nikasahau kuna watu wanasoma."

"Ningempoteza, Bravin. Kwa neno moja!"

"Najua. Sijalala." Akafungua kifungo kilichokosewa, akakifunga upya. "Nataka kukuoa, Helen. Lakini ng'ombe wa mahari nitampelekea nani? Yule wa getini?"

Helen akacheka ndani ya machozi. "Wewe! Utangoja. Liz akue kwanza."

"Nitangoja."

Akajifuta uso kwa pindo la kilemba. "Na mbona leo ni Helen, Helen tu?"

"Si ulinikataza?"

"Niite."

Bravin akageuka kwanza. Akatazama njia waliyokuja nayo, akamtazama mwanamke aliyekuwa akiparua samaki, akangoja mwenye pikipiki apite. Kisha akainama sikioni mwake, akamwita kwa sauti ndogo kiasi kwamba hata Helen mwenyewe alisikia pumzi tu.