Neno Lisilo na Kadi

"Mimi siri ikinifikia, imefika kaburini," alisema Fundi, pini tatu zikiwa zimebanwa mdomoni. "Nibane na mlango, husikii kitu."

Mama Pasi, aliyekuwa akinyoosha suruali kwenye meza ya pili, alinyunyiza maji tu, na pasi ikasonya kwa niaba yake.

Siri yenyewe ilikuwa neno moja. Mchumba wa Fundi, msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, alikuwa akiandika kitabu kuhusu mbilikimo wa kubuni wanaoishi chini ya mlima, watu wafupi, wakali, ndevu hadi magotini. Yeye mwenyewe alikuwa na ndevu saba za kuhesabika, ndiyo maana Fundi alimwita Ndevu. Kwa miaka miwili walikuwa wakiwatungia mbilikimo hao lugha. Kila neno kadi yake, kila kadi sahihi mbili, na zote ndani ya boksi la viatu. *Drakh*, nyundo. *Ghelt*, taa inayokaribia kuzimika. *Brum*, jiwe lililogoma kupasuka. Fundi aliyatumia hadi kwenye daftari la vipimo: mteja akivuta pumzi kuficha tumbo, anaandikiwa *brum* pembeni, anaondoka anatabasamu.

Boksini mlikuwa na maneno mia nne na kumi na mawili. La mia nne na kumi na tatu halikuwa na kadi. Ndevu alimnong'oneza siku aliyomchumbia: *torgund*. Ndilo analolisema mbilikimo aliyechimba gizani siku nyingi, mwamba wa mwisho ukatoboka, akakutana uso kwa uso na mwenzake aliyekuwa akichimba kutoka ng'ambo. Nimetokea upande wako.

"Hili letu sisi wawili," Ndevu alisema. "Hata kitabuni haliingii."

Sasa mchana huo, binti wa gauni la kijani alipanda juu ya kigoda ili abanwe pindo. Fundi akapiga magoti. Simu ya binti, iliyokuwa ukingoni mwa meza ya kukatia, ikawaka sentimita chache kutoka puani kwake. Aliyeandika: *Wangu*. Alichoandika:

"Torgund, mpenzi. Niko stendi. Kesho twende wote kuchukua gauni."

Pini ikazama kidoleni.

"Dada, damu! Isiguse kitambaa!"

"Haigusi." Fundi alinyonya kidole. "Huyo ni mchumba?"

"Mchumba wa wapi, tuna miezi minne tu. Ila ananidekeza huyo, wee!"

"Anafanya kazi gani?"

"Mambo ya makaratasi makaratasi."

Pindo la kijani likabanwa likapanda upande mmoja kama linakimbia panya. Binti alipotoka tu, Fundi akapiga simu.

"Ndevu, uko wapi?"

"Stendi. Kuna mzigo wa wino nausubiri. Mbona sauti hiyo?"

"Stendi! Uko na nani?"

"Na wino."

"Usinichekeshe leo. Neno letu umempa nani?"

"Neno gani?"

"Lile lisilo na kadi."

Upande wa pili kulisikika honi, kisha pumzi.

"Sijampa mtu. Nakuapia."

"Kwa hiyo limetembea lenyewe?"

"Mpenzi, tunalijua wawili tu. Kama si mimi..."

"Malizia! Kama si wewe, ni mimi? Mimi siri ikinifikia..."

"Imefika kaburini, najua."

Akamkatia. Kisha akaandika, kidole chenye damu kikichafua kioo: "Jumamosi wazazi wako wasije kwetu. Wa kwangu nitawaambia mwenyewe."

Jibu lilichukua saa nzima. "Kesho nakuletea boksi. Kama mimi ni mwongo, baki nalo."

Na kweli alilileta. Kesho yake saa nne alilitua juu ya meza ya kukatia, akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyemweka mgonjwa kitandani.

"Hesabu. Zote zipo. Kitabu siandiki tena."

"Unanitisha?"

"Nikutishe na boksi la viatu? Nitaandikaje mtu anayechimba kuja kwa mwenzake, wakati wangu mimi amejaza mawe shimo?"

"Mawe umejaza wewe na huyo wako wa stendi!"

"Wa stendi ni nani?"

"Anakuja. Utamwona, na yeye akuone."

Ndevu alitazama ukutani, ambako gauni la mama yake la Jumamosi lilikuwa limetundikwa, limebakiza vifungo tu. "Na hilo nimwambieje mama?"

Mama Pasi akaweka pasi wima.

"Fundi mwanangu, kuna jambo..."

"Mama Pasi, nakuheshimu sana. Usiingie."

"Haya. Nimekaa."

Mlango ukafunguliwa.

"Torgund, jamani!" alisema binti wa gauni la kijani, kama anayepiga hodi.

Nyuma yake aliingia mwanamume mfupi, mpana, ndevu zimeshuka hadi kifuani. Ndevu alimkodolea macho kama vile kadi moja imetoroka boksini ikaota miguu.

"Ndiye Wangu huyu," binti alisema. "Ana duka la madaftari. Mbona mmenuna, mmefiwa?"

Fundi alimtazama mwenye ndevu nyingi, akamtazama mwenye ndevu saba. Joto lilimpanda kutoka shingoni.

"Huyu hapa humjui?" akamwonyesha Ndevu.

"Simjui. Nimjulie wapi?"

"Sasa neno hilo nani kakufundisha?"

Binti akacheka, akaona hachekewi, akaacha.

"Si wewe, dada? Siku ya vipimo. Nikadhani ni neno la bahati la mafundi. Nikamuuliza huyu mama, akasema ndivyo unavyosema kazi ikikunyookea. Nikampelekea Wangu, akalipenda."

Fundi akamgeukia Mama Pasi. "Mimi? Lini?"

"Nilikatazwa kuingia."

"Ingia!"

"Mwanangu, tangu mwaka jana. Uzi ukipita tundu la sindano tu, torgund. Kutwa nzima. Tangu jana nimesikia mara kumi na moja, hata mwenye nyumba analijua."

"Uongo! Mimi mdomo wangu..."

Ndevu alikuwa amejishika kiuno, ndevu zake saba zinatetemeka. Haikujulikana kama anacheka au analia.

"Kila uzi ukipita?" aliuliza taratibu. "Unanifikiria mimi kila uzi ukipita?"

"Hakuna kitu kama hicho!" Fundi alinyakua gauni la mama mkwe ukutani, akavuta kiti, akashika sindano. Kama kuna kitu kinamwokoa mtu na aibu, ni kazi. "Vifungo havijashonwa hapa na Jumamosi ni keshokutwa. Nipisheni."

Uzi ukakosa tundu mara ya kwanza, ukakosa mara ya pili. Akalamba ncha, akabana jicho moja. Ukapita.

"Tor..."

Akaufunga mdomo kwa kiganja, amechelewa. Watu wanne walikuwa wanamwangalia.

"Kumi na mbili," alisema Mama Pasi, akiinua pasi yake. "Malizia, mwanangu. Mwenzako anasubiri upande wa pili."