Kifaa Kisicho na Jina

Mtandao ukizorota, watu wa Tanga huilaani kampuni, hulilaani wingu, kisha hutoka barazani wakanywa kahawa. Nasma naye alianza hivyo hivyo, ila kahawa hanywi. Alikuwa akiwafundisha wageni Kiswahili kwa kompyuta, ameketi katika chumba cha ndani cha nyumba ya marehemu bibi yake pale Ngamiani, na kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri sura ya mwanafunzi iliganda mdomo wazi, na kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka katikati ya kioo. Siku nyingine zote, salama. Alhamisi asubuhi, salama. Alasiri ikiingia tu, kasi inakufa.

Alifanya yale ambayo kila mtu hufanya. Alizima ruta akaiwasha tena, akafunga kurasa zote, akahamisha meza. Alitoka na kompyuta hadi barazani, na huko mtandao ukakimbia vizuri. Akarudi chumbani, hatua chache kutoka kwenye ruta yenyewe, ukakwama. Hilo lilimuudhi kuliko kumtisha, maana ni nani amewahi kuona aliyekaa karibu na jiko ndiye anayeona baridi? Kulikuwa pia na harufu ya udi, nzito, ya kizamani. Nasma akasema moyoni kwamba jirani ana wageni.

Akamwita Innocent, kijana wa Muheza mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na soko. Innocent alikuja Alhamisi hiyo hiyo, akaketi, akabonyeza huku na kule, akakunja uso.

"Dada Nasma, humu ndani mna vifaa vingapi?"

"Kompyuta hii, simu yangu, na tableti ya Tausi."

Tausi ndiye binti yake wa pekee. Alikuwa na miaka saba, na mdomo wake haukujua kupumzika. Hata wakati ule alikuwa amelala kifudifudi sakafuni akichora paka na kumsimulia Innocent tabia za paka huyo, bila kuulizwa.

"Basi kuna cha nne," Innocent akasema. "Hakina jina. Na kinavuta hicho! Nyie wengine mnalamba sahani tu."

"Jirani?"

"Jirani angeonekana kwa mbali. Hiki mawimbi yake yamejaa." Akashusha sauti bila kujua kwa nini. "Kiko karibu na ruta kuliko wewe."

Wote wawili wakaitazama ruta. Ilikuwa imekaa ndani ya kidaka, kile kijishimo cha ukutani ambacho nyumba za zamani huwa nacho cha kuwekea taa. Hapakuwa na kitu kingine pale, ila taa zake zilikuwa zikipepesa haraka haraka.

Innocent akacheka, kama vijana wanavyocheka wakitaka kujipa moyo. "Mwizi ni mwizi tu, awe jirani awe nani." Akabadili neno la siri, akakifungia nje kile kifaa kisicho na jina. Mtandao ukapaa. Sura ya mwanafunzi ikajaa kwenye kioo, safi, inacheka. Nasma akapiga makofi kwa furaha. Hakuna aliyeona kwamba harufu ya udi ilikuwa imekatika ghafla, na kwamba Tausi alikuwa amenyamaza katikati ya neno, penseli hewani, kabla hajalimalizia.

Magharibi ile Nasma aliita, "Tausi, njoo ule!" Mtoto akaja kimya, akanawa, akaketi, akala matonge mawili, ndipo akasema, "Nakuja, mama." Nasma akacheka sana. Akadhani mwanawe amemtania.

Ijumaa akarudi Luqmani, mumewe, karani wa forodha kule Horohoro. Huwa nyumbani mwisho wa wiki tu, kwa hiyo akifika kazi ya kwanza ni kumtekenya binti yake. Tausi alimtazama bila kutabasamu mpaka baba akaona haya, akamwacha, akaenda kuvua viatu. Ndipo mtoto akaangua kicheko, peke yake, ameuelekea ukuta. Kesho yake akaanguka ngazini, akaingia ndani na damu inamchuruzika gotini kana kwamba si yake, akaoshwa, akafungwa kitambaa, na alipokwisha kufungwa ndipo akapiga yowe la kuanguka.

Basi hofu ikaingia nyumbani na ikakaa. Ile nafasi kati ya jambo na jibu lake ikazidi kunenepa, hata ikawa ukimuuliza asubuhi kama amelala vizuri anakujibu adhuhuri, na mezani tonge linasimama mbele ya midomo iliyoachama, macho hayapepesi, mkono hautetemeki, sura imeganda vile vile kama sura za wanafunzi zilivyokuwa zikiganda kwenye kioo, na mama ameketi mbele yake hana la kufanya ila kungoja mtoto arudi. Daktari alimpima, akamwangalia masikio na macho, akasema haoni kitu, akaandika vitamini. Lakini Nasma alipomkumbatia mwanawe na kulaza sikio kifuani pake, alisikia moyo ukipiga, kisha kimya, kimya kirefu ambacho ndani yake alimwita Mungu kwa majina yote aliyofundishwa madrasa, kisha mapigo mengi ya mbio mbio, yanafukuzana kufidia yaliyopotea. Na nywele za mtoto zilinukia udi.

Akampigia Innocent. "Kaka, mfungulie."

"Nani?"

"Yule. Mrudishie mtandao."

Innocent akamwelekeza kwa simu, bonyeza hapa, ondoa pale. Nasma alifanya yote kama alivyoambiwa. Alasiri ya Alhamisi ikaja, ikapita. Hakikuingia kitu.

"Hayupo tena, dada," Innocent akasema polepole. "Labda ameshapata pengine pa kujiunganisha." Akakisikia alichokisema, akakata simu.

Luqmani aliporudi Ijumaa, ndipo yeye na mkewe walipotazamana. Jambo lenyewe walilijua wote wawili, na kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aanze. Bibi Mwanamkasi, yule marehemu mwenye nyumba, alikuwa na ruhani wake, jini aliyekaa naye. Mtaa mzima ulijua. Kila Alhamisi baada ya alasiri alifukiza udi, akatia halua na yai na kichupa cha marashi katika chano, akakiweka kwenye kidaka kile, akafunga mlango. Alipofariki, wazee walitaka ruhani aagwe, apewe habari ya msiba kama anavyopewa ndugu. Luqmani ndiye aliyekataa. "Sisi ni Waislamu," alisema, "hatuagani na majini." Akatupa chetezo cha kufukizia, akapaka ukuta rangi, na kwa kuwa kidaka kile kilikuwa karibu na soketi ya umeme, ruta ikakaa humo.

"Nenda kwa Bi Somoe," Luqmani akasema sasa, na machozi yakamtoka. "Mimi mwanangu simuwezi tena."

Bi Somoe, mganga wa majini, alikaa Tongoni, nje ya mji, mwanamke mkavu mwenye macho ya mzaha. Nasma alimshika miguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akamwangalia Tausi, aliyekuwa amesimama mlangoni mguu mmoja juu, hajaushusha. Mzaha ukamtoka machoni. "Bibi yako alipokufa, nani alimpa habari?"

"Hakuna."

"Basi hajui. Miezi yote hiyo yuwangoja chano chake. Mkamwekea hicho kidude chenu mahali pake, akadhani ndiyo haki yake, akala. Kisha mkamnyang'anya. Sasa yuwala alichokikuta."

"Atamwacha?" Nasma alinong'ona.

"Mwambie. Wewe ndiwe damu ya bibi yako. Mfukizie, mpe chano, mwambie mwenye nyumba amekufa, mshukuru, mwage kwaheri. Basi. Ila n'sikize vizuri, mwanangu." Akamshika Nasma kidevu. "Usimwombe kitu. Hata kimoja. Ukimwomba umemwajiri, na akishaajiriwa hatoki."

Nasma akaapa.

Alhamisi iliyofuata wakaiondoa ruta. Luqmani mwenyewe, mtu wa msimamo, aliomba ruhusa kazini, akaenda sokoni kununua chetezo kipya, akarudi nacho amekificha ndani ya mfuko mweusi kama mwizi wa kuku. Nasma akaingia chumbani na Tausi, akamlaza kwenye mkeka, akafukiza, akaweka chano. Moshi ulipanda hadi kwenye kidaka, ukasita, ukakaa pale pale hewani, hauendi juu wala hausambai. Akasema aliyofundishwa. Bibi Mwanamkasi amefariki. Amezikwa. Tunakushukuru kwa kukaa naye. Kwaheri.

Moshi haukuondoka. Katika kimya kile alisikia kitu kikipumua taratibu, pumzi za mtu mzima anayetafakari, na zilikuwa zikitoka kifuani mwa Tausi. Kisha zikakoma. Akangoja, akasema moyoni zitarudi, akangoja tena, na midomo ya mtoto ikaanza kuwa ya rangi ya majivu, na Nasma akahesabu na kusahau alichokihesabu, na neno la Bi Somoe lilikuwa pale pale kichwani mwake, alilisikia waziwazi, kama ninavyoamini kila mama angelisikia, na kama kila mama akalitupa.

"Nirudishie mwanangu!" alilia. "Asichelewe tena! Nakuomba, asichelewe tena kamwe!"

Moshi ukaingia ndani ya kidaka wote, ukapotea. Tausi akavuta pumzi, akaketi, akasema, "Mama, mbona unalia?"

Furaha ya siku ile siwezi kuieleza. Mtoto aliitwa akaitika, alitekenywa akacheka, alisimulia habari za paka mpaka baba yake akamwomba apumzike. Nasma hakumwambia mumewe alichokitamka mle ndani. Jumamosi yote Tausi alikuwa mwepesi mno. Nasma alipoona kiu, mtoto alikuwa ameshasimama mbele yake na gilasi ya maji. Luqmani alipoanza hadithi yake ya punda wa mpakani, Tausi alicheka kabla punda hajatokea. "Mtoto huyu ana akili!" baba akasema. Jioni Nasma akiwa jikoni alifungua mdomo ili amwite, na kabla jina halijamtoka, sauti ikajibu kutoka chumba cha ndani, "Naam, mama." Nasma akaufunga mdomo wake. Akajiambia kwamba ni akili tu.

Jumapili asubuhi Luqmani akaondoka kurudi Horohoro. Alimbusu Tausi utosini, na Tausi akamng'ang'ania shati, hamwachii, mpaka wakambandua vidole kimoja kimoja. Gari lilipokwisha kwenda akatulia.

Nasma alikuwa akichambua mchele barazani aliposikia yowe. Halikuwa la mtoto aliyepigwa wala aliyeumia. Lilikuwa lile yowe refu la msibani ambalo kila mtu wa pwani analijua hata akiwa mtaa wa tatu. "Baba! Baba yangu, jamani!" Alikimbia ndani, mchele ukamwagika, akamkuta Tausi amejitupa sakafuni, machozi yanamtiririka.

Alishika simu akapiga. Iliita. Iliita tena. Ikapokelewa.

"Haloo, mama Tausi!" Sauti ya Luqmani ilikuwa nzima, ina kicheko, na nyuma yake gari linaunguruma. "Mmeshanikumbuka?"

"Uko wapi?"

"Njiani. Karibu tunafika. Kuna nini?"

"Shuka."

"Nishuke porini huku? Nasma, una nini?"

Nasma akageuka, maana Tausi alikuwa amenyamaza. Mtoto akainuka, akajifuta uso kwa pindo la gauni, akaanza kusukuma viti vya sebuleni hadi ukutani, kimoja baada ya kingine, kama mtu mzima anayejua kazi yake. Kisha akaingia ndani, akatoka na mikeka, akaitandika sakafuni, akainyoosha kingo kwa viganja.

"Wageni wanakuja, mama," akasema kwa upole. "Vaa kanga."

"Haloo?" simu ikasema mkononi mwa Nasma. "Nasma? Unanisikia?"