Ukungu Kwenye Mlango wa Gari Jeusi

Fundi akishamaliza kupiga gari polishi, huinama na kuihemea rangi kwa mdomo wazi, kama mtu anayesafisha miwani. Ukungu wa pumzi humwonyesha mafuta ya polishi yaliyosahaulika, kisha hutoweka kabla hajanyanyua kichwa. Siku ile haukutoweka.

Fundi huyo wateja walimwita Kioo, kwa jinsi magari yalivyotoka mikononi mwake yaking'aa hata mtu akaweza kuchania nywele kwenye boneti. Mkewe alishika mpira wa maji na sifongo, na ndiye aliyepokea wateja, kwa hiyo mumewe alimpa cheo cha Bosi. Gari lenyewe lilikuwa jeusi, mali ya mwalimu mstaafu aliyelinunua likiwa limetumika. Alikuwa ameketi kwenye benchi akilisubiri.

"Bosi, hebu njoo uone," Kioo aliita.

Alama ilikuwa kwenye mlango wa dereva, duara la ukubwa wa kisahani. Mkewe akapitisha kitambaa. Ukungu ukafutika, halafu ukarudi palepale.

"Umekula nini leo, hata pumzi yako inagoma kuondoka?"

"Nimekula ulichopika wewe. Kesi ni yako."

Wakacheka. Ilikuwa imebaki dawa ya kulinda rangi tu, ile inayopakwa kwa sifongo ndogo na kukauka ngumu, ikazuia jua, mvua na mikwaruzo. Ubaya wake ni mmoja: chochote kitakachoachwa chini yake, hata unyoya, kinafungiwa humo. Kioo alikuwa mtu wa kurudia gari zima kwa sababu ya unyoya. Akamtazama mkewe.

"Paka tu," mkewe akamwambia kwa sauti ya chini. "Mwalimu wa watu amechoka kukaa. Huo ni unyevu, dawa ikikauka hautaonekana."

Akapaka.

Jioni, akipanda ngazi za nyumbani, Kioo alisimama katikati akaegemea ukuta. Mkewe akamtania kuhusu uzee. Lakini alipompa chai, na Kioo akaipuliza ipoe, mkewe aliona ajabu: mashavu ya mumewe yalijaa, midomo ikachongoka, na mvuke wa chai ukaendelea kupanda wima, bila kuyumba, kana kwamba hakuna mtu mbele yake.

"Puliza tena," alisema.

"Si ninapuliza."

Hospitali walimpiga picha ya kifua wakasema mapafu ni safi. Wakampa vidonge. Chumba chao kikaanza kunuka kama chumba cha mgonjwa kilichofungwa muda mrefu, na mkewe alipofungua madirisha harufu haikutoka. Kioo alikuwa akikonda huku anakula.

Kisha mwalimu akarudi na gari. Hakushuka mara moja.

"Mama, usinione nimechanganyikiwa," alisema, akiangalia usukani. "Nikizima injini, kuna mtu anahema."

Mwanamke akauendea mlango. Duara lilikuwa limepanuka, sasa lilikuwa refu kuliko pana, na akajiambia kwamba halikufanana na uso. Akapiga moyo konde, akaweka sikio kwenye bati lililokuwa na baridi ingawa gari lilitoka juani, na akasikia, kwa ndani sana, pumzi ikiingia na kutoka kwa mkoromo mdogo mwishoni, mkoromo ambao hakuna mtu mwingine duniani aliyeujua kwa sababu ndio uliomlaza usingizi tangu aolewe, na ambao kwa majuma sasa alikuwa akiukosa kitandani akidhani ni kwa sababu mumewe halali.

Mganga aliyeletwa alikuwa pia fundi cherehani, alifika na futi ya kitambaa ingali shingoni. Alizunguka gari, akanusa mlango, akarudi nyuma.

"Jini lililoingia lenyewe nalitoa," alisema polepole. "Hili halikuingia popote. Lilikuwa limekaa kwenye rangi hii bila pumzi, Mungu anajua tangu lini. Mumeo ndiye aliyelipa pumzi yake kwa mdomo wake mwenyewe, kisha mkaifungia chini ya dawa. Kitu kilichotolewa hivyo nitakidai vipi?"

"Tukiiondoa dawa?"

"Dada yangu, ningejua ningekwambia."

Hakutaka malipo. Hilo lilimtisha mwanamke kuliko maneno yake.

Walijaribu siku hiyohiyo. Kioo alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkewe akashika mashine ya kusugulia, akaanza na ukingo wa duara. Dawa ilipoanza kukwanguka, mumewe alijishika koo. Macho yalimtoka. Mkewe akazima mashine akamkimbilia, akampigapiga mgongoni, na ilichukua muda mrefu kabla kifua chake hakijanyanyuka tena, kidogo sana. Pale alipokwangua rangi ilikuwa nyeusi, safi, na kile kipande cha pumzi hakikurudi kwa mwenyewe wala mlangoni. Kilikuwa kimekwisha.

"Acha, Bosi," Kioo alinong'ona. "Ikae ilipo."

"Mimi ndiye niliyekwambia upake."

"Na mimi ndiye fundi. Nilikuwa na mikono yangu."

Mwalimu alimkabidhi mwanamke funguo bila kumtazama usoni, akaondoka kwa miguu. Hakumlaumu.

Tangu hapo gari lilikaa ndani ya banda, mbali na jua. Mwanamke alijua kazi yake vizuri mno kuweza kujidanganya. Hakuna dawa ya rangi inayodumu. Dawa inapochoka, maji hayaviringiki tena kama shanga, yanatandaa. Kila asubuhi alimsaidia Kioo kukaa kwenye kiti, akamfunika shuka, kisha akachota kikombe cha maji na kumwaga kidogo kwenye mlango. Yakiviringika, alivuta pumzi mwenyewe. Aliuosha mlango ule kwa kiganja, bila kitambaa, kama anavyooshwa mtu mwenye kidonda, huku akihisi chini ya vidole vyake kitu kikijigeuza kuufuata mkono wake ulikokwenda.

Asubuhi moja akamwaga maji, na juu ya boneti yakaviringika, na juu ya mlango wa nyuma yakaviringika, lakini kwenye mlango wa dereva yakatandaa bapa, yakakaa, kisha taratibu yakazama ndani ya rangi kama yanayonyonywa, na ukungu ule uliokuwa na paji la uso, mashavu na mdomo ukaanza kufutika kutoka juu kushuka chini, mpaka mlango ukabaki mweusi mtupu, ukimwonyesha sura yake mwenyewe ameshika kikombe.

Nyuma yake kiti cha plastiki kililia. Mtu alisimama bila kujishika popote. Akavuta pumzi ndefu, ya kifua kizima, kisha nyingine, kwa uroho, bila ule mkoromo mdogo mwishoni, na harufu ya chumba kilichofungwa ikajaa banda lote.

Mwanamke aliendelea kutazama mlangoni. Alikuwa akiomba kwamba mtu huyo asimwite Bosi.