Msitu Mwekundu wa Joyceline

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Joyceline alimsaidia baba yake kufungua duka la rangi kule Gerezani, karibu na barabara ya mwendokasi. Yeye alifagia kibaraza na kupanga makopo. Baba yake, Mzee Elimringi, alikaa kaunta akibishana na wateja. Hakuwa mtu mbaya, ila kwenye mambo ya rangi hakuwa na simile. Mteja akitaka zambarau ya sebuleni aliambiwa, "Hapana, ndugu yangu, sebule ni krimu." Na wengi waliondoka na krimu.

Siku hiyo Joyceline hakugusa ufagio. Alisimama mbele ya bango lake la plaiwudi, amefura kwa hasira.

Jana yake bango hilo lilikuwa na picha mbili za Mlima Kilimanjaro, alizozichora na rafiki yake Sophia kwa wiki nzima. Ya kwanza waliinakili kutoka picha ya satelaiti ya miaka ya sabini, wakati watu walipoanza kuchunguza misitu, maji na mashamba ya dunia kutoka angani. Ya pili waliinakili kutoka picha ya miaka hii, iliyotengenezwa kwa mtindo uleule. Theluji ilikuwa nyeupe, ardhi kavu ya kijivu, na msitu mwekundu kama pilipili iliyoiva. Sasa theluji ilikuwa imepakwa upya kwa ukubwa mmoja kwenye picha zote mbili, na kila kitu kingine kilikuwa kijani.

"Baba, nani amefanya hivi?"

"Mimi na Hamis," baba alijibu akitabasamu. Hamis alikuwa fundi wa kuchora mabango, na kibanda chake kilikuwa pembeni ya duka. "Ulipokwenda kwa mama yako mkubwa, tukakurekebishia. Kila Desemba napanda kwetu Rombo, sijakutana na mti mwekundu hata mmoja. Mngechekwa. Na hiyo kijani ni ya bei, haipauki."

"Ungeniuliza kwanza."

"Mimi nikuulize wewe habari za rangi?"

Joyceline alitamani kupiga kelele mpaka mtaa mzima usikie. Lakini baba ni baba.

Asubuhi hiyohiyo Mwalimu Swaumu, mwalimu wao wa sayansi, angechagua kazi moja tu ya kupelekwa kwenye maonyesho ya wilaya. Wazazi walikuwa wamealikwa. Mzee Elimringi alimwachia Hamis duka, akalibeba bango mwenyewe hadi shuleni, akisimama njiani kuwaonyesha watu anaowafahamu. Joyceline alitembea nyuma yake.

Darasani watu walilizunguka bango. Wazazi walilisifu, na wanafunzi wakasema kazi ni kali. Sophia naye alishtuka alipoliona, lakini aliposikia sifa zile alimbana Joyceline mkono.

"Nyamaza tu, Joy. Si unaona tunashinda?"

"Tunashinda kwa kipi? Picha mbili zimekuwa mapacha."

Mwalimu Swaumu alifika mbele ya bango, akaliangalia kwa muda. "Haya, tuelezeni. Kati ya picha ya zamani na hii ya sasa, nini kimebadilika?"

Kule nyuma baba aliitikia kwa kichwa kumtia binti yake moyo, na Joyceline akazidi kukasirika.

"Hakuna, Mwalimu," alisema. "Bango hili ni la uongo."

"Uongo?" Baba alisimama. "Mimi nimekufundisha uongo?"

Joyceline alimgeukia. "Satelaiti inaona mwanga ambao macho yetu hayauoni, Baba. Majani mabichi yanaurudisha kwa wingi, na wataalamu wakaupa rangi nyekundu ili na sisi tuuone. Penye wekundu uliokolea ndipo penye msitu. Kijani yako imeotesha miti hata pasipo na mti. Nakuheshimu, Baba, lakini umeniudhi sana."

Mwalimu Swaumu hakumkemea. Alitoa kwenye droo zile picha za satelaiti walizonakili wasichana, akaziweka mezani. "Karibu, mzazi. Hebu tafuta nyumbani kwenu."

Mzee Elimringi alikunja uso, akavaa miwani. Kidole chake kilitembea upande wa mashariki wa mlima hadi Rombo. Kwenye picha ya zamani wekundu ulishuka mpaka chini. Kwenye mpya ulikuwa umepanda juu, ukaacha kijivu. Alirudia mara ya pili na ya tatu.

"Hapa tulikuwa tunakata majani ya ng'ombe, msitu umefunga," alisema polepole. "Umekwisha. Na mimi nimeupaka kijani."

"Nitachagua kesho," alisema Mwalimu. "Mkirudi na bango la kweli, nitaliangalia."

Jioni baba aligeuza plaiwudi upande wa pili, akaipiga msasa, akachanganya nyekundu kwa mkono wake. Wasichana walichora mistari, yeye akapaka. Kila alipochovya brashi aliuliza, "Hapa?" akingoja jibu.

Mteja mmoja aliingia akacheka. "Mzee, miti myekundu? Si ungeipaka kijani?"

"Hayohayo nilisema mimi, nikaharibu kazi ya watu," baba alifoka. "Keti hapo nikueleze."

Kesho yake bango lao lilichaguliwa. Wakirudi nyumbani na Joyceline, baba alipunguza mwendo.

"Ukuta wa mteja nitaupaka rangi inayopendeza," alisema. "Lakini mtu akinionyesha kitu kilivyo, sina ruhusa ya kupaka juu yake, hata kama ni mwanangu na mimi ndiye mwenye duka. Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, Baba. Ila hasira haijaisha yote."

"Usiharakishe kuimaliza. Jana ungenyamaza, tungeshinda kwa msitu ambao haupo."