Karatasi Niliyoiogopa Ilimuua Mke Wangu

Nina umri wa miaka arobaini na sita. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na sasa naishi mtaa wa Black Rock hapa Buffalo, Amerika, na binti yangu Neema. Tunaishi kama wapangaji wawili. Ananisalimia, anakula, anajifungia chumbani. Ndugu wasomaji, simlaumu. Nikimaliza kusimulia, hata ninyi hamtamlaumu.

Tulipoletwa Amerika tulifikia Louisville. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa mtu wa vicheko na mwimbaji wa kwaya. Mimi nilipata kazi katika kiwanda kimoja kule Jeffersontown. Ilikuwa kazi ya kusimama saa kumi kwa siku, lakini ilikuwa na bima ya afya ya familia nzima. Kila wiki walikata kidogo kwenye mshahara. Bima inalipa nini, na mimi naachiwa nini... sikuwahi kuuliza!

Kisha Mama Neema akagundua uvimbe kwenye titi. Hospitali walimpasua wakautoa. Daktari alisema ulikuwa wa saratani, wameuwahi, ila lazima aendelee na matibabu kwa miezi kadhaa ili usirudi. Tulimshukuru Mungu, tukarudi nyumbani tukiimba.

Baada ya wiki tatu ikaja bahasha. Niliifungua jikoni nikiwa nimesimama. Kiingereza changu ni cha kazini tu: beba, weka, harakisha. Lakini tarakimu nazijua. Juu kabisa paliandikwa dola elfu arobaini na moja!

Neema, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alinyoosha mkono. "Baba, lete nisome."

Nikaikunja. Tangu lini deni la mzazi likasomwa na mtoto? Nikaipeleka kwa Method.

Method tulitoka naye kambi moja. Tuligawana hadi chumvi kule. Alijua Kiingereza, na nusu ya kanisa letu walimpelekea barua zao awasomee. Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Kaka, hili ni deni zito. Watakukata mshahara wote. Usimwambie mtu, utajiaibisha bure. Wewe nipe kidogo kidogo, mimi nitaongea nao."

Nikawa nampa dola mia tatu kila mwezi. Risiti? Ndugu yako wa kambini unamdai risiti?

Bahasha zikazidi kuja, kila moja na maelfu yake. Method akaniambia kila mke wangu anapokwenda hospitali deni linapanda. Basi nikamwambia Mama Neema aache kwanza matibabu.

Aliniangalia kwa mshangao. "Daktari alisema nisikatishe, Baba Neema."

"Daktari ndiye atakayelipa?"

Hayo yalikuwa maneno yangu. Mpaka leo yananichoma... Alivua kikanda cha hospitali chenye jina lake alichofungwa mkononi, akaenda kupika.

Nilipoishiwa hata hela ya kumpa Method, alinipa ushauri mwingine. Nihame jimbo, alisema, huko hawatanipata. Nikaacha kazi, tukapakia vitu kwenye gari, tukaenda Columbus. Kumbe siku niliyoacha kazi ndiyo siku niliyoipoteza na bima! Hakuna aliyeniambia, na mimi sikumwuliza mtu.

Columbus nilifanya kazi ghalani kupitia wakala wa ajira, bila bima yoyote. Tulibadilisha namba za simu. Mlango ukigongwa, tulinyamaza kama wezi. Mama Neema akaanza kulalamika mgongo, kisha kikohozi. Alimeza vidonge vya dukani, akijipaka dawa ya kuchua na kuniambia yuko sawa. Ningemwamini vipi mtu anayelala ameketi? Lakini niliamua kumwamini, kwa sababu ilikuwa rahisi.

Jumapili moja Neema alikuta zile karatasi za hospitali kwenye begi la mama yake, aliyekuwa amezitunza zote. Akaja nazo mbio, akisema kwa Kiingereza, halafu akajilazimisha kwa Kiswahili: "Baba, hapa wameandika hii si bili! Soma, hii si bili!"

Nilimnyang'anya, nikazirudisha begini. Nikampiga kofi mbele ya mama yake. Nikamwuliza kama yeye ndiye amemzidi Method akili. Wasomaji wangu, mtoto alikuwa ameshika uhai wa mama yake mkononi, na mimi nikamzaba kofi!

Tangu siku hiyo hakugusa tena barua yoyote.

Tukahama tena. Safari hii tulikuja Buffalo, kwa Godeliva, dada wa mke wangu, anayekaa mtaa wa West Side. Nilidhani mbali zaidi ndiko salama zaidi. Wiki ya pili tu Mama Neema alianguka kwenye ngazi za kanisa. Godeliva hakuniuliza. Aliita gari la wagonjwa mwenyewe.

Hospitali, mama mmoja wa ofisi ya kusaidia wagonjwa aliomba karatasi zote za matibabu ya nyuma. Mke wangu akampa zile za kwenye begi. Yule mama akampigia simu mkalimani, mwanamke wa Kikongo anayechanganya Kifaransa, akaweka sauti tuisikie wote.

"Baba, unanisikia? Bon, hii karatasi haiko bili. Ni bima yako inakuelezea tu. Ya juu ni ile hospitali iliomba. Ya katikati ni ile bima ililipa. Ya chini, donc, ndiyo ya kwako."

"Ni ngapi?"

"Elfu moja na mia mbili. Na hizi zingine zote ya kwako iko sifuri."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Yule mama wa ofisi akaongeza kwamba hospitali nyingi zina fomu ya watu wa kipato kidogo, na huenda hata hiyo ingepunguzwa. Method nilikuwa nimeshampa zaidi ya hapo!

Mama Neema alikuwa amelala kitandani macho, anasikia kila neno. Akanigeukia.

"Sasa tulikuwa tunakimbia nini?"

Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mifupa na mapafu. Walitujazia fomu ya bima ya serikali, wakamtibu kwa upole, lakini muda ulikwisha. Aliishi miezi minne.

Nilimpigia Method baada ya mazishi. Alinipa pole. Nilipotaja zile pesa, alisema ilikuwa asante yangu ya kusomewa barua. Akakata simu. Nasikia bado anawasomea watu barua.

Ndugu zangu mliokuja kama mimi, nawasihi! Karatasi ya hospitali ikifika, usiikimbie na usiifiche. Piga namba iliyoandikwa juu yake, sema "Kiswahili", usubiri mkalimani. Usimlipe mtu hela mkononi kwa ajili ya hospitali. Usiache matibabu, wala kazi yenye bima, kabla hujauliza. Na kama nyumbani una mtoto anayesoma kukuzidi, kaa chini umsikilize. Aibu ya kusomewa na mtoto ni ya dakika tano tu. Mimi ya kwangu nakula nayo mezani kila jioni, tumeketi wawili, mimi na Neema.